Kidole cha Alfajiri

Mdomo wa kinyozi ulikata kuliko wembe wake, lakini kila alfajiri alilia kama mtoto. Kabla hajafumbua jicho la kushoto, kuna mtu alimfumbulia. Kidole baridi chenye ukucha mrefu kilipita chini ya kope, kikaipandisha taratibu, na ngozi ya jicho ikabanduka nayo.

"Mama watoto, ni wewe?"

"Mikono yangu hii hapa, baba," mkewe alinong'ona. "Husikii harufu? Kama nywele zinaungua. Huyo si mtu."

Wateja nao, kwa kuliona jicho lake limevimba, walishaanza kumtania. "Kinyozi chongo! Shingo yangu hupati, bwana." Alicheka nao. Hawakujua kichwa cha mwisho alikinyoa kwa kupapasa.

Daktari wa macho alimchungulia kwa mashine. "Ngozi ya juu ya jicho haijashika. Ukilala inanata kwenye kope, ukiamka inabanduka. Tutaikwangua kwa leza, iote mpya."

"Kukwangua? Hiyo kazi yangu, daktari, usinifundishe!" Alisema hivyo akirudi nyuma hadi ukutani.

Wakamlaza. Wakamtia matone ya ganzi, kibanio kikashika kope zake, hata kupepesa hawezi. "Tazama ile taa nyekundu. Ukijitikisa, leza itachonga mahali pengine, na jicho ndiyo basi."

Mashine ikaanza, ta-ta-ta-ta. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa.

"Daktari... hiyo harufu..."

"Ni leza hiyo. Kawaida. Tulia."

Akatulia, angefanya nini, na hapo ndipo alipokiona, mchana kweupe, kikichomoza nyuma ya bega la daktari, kidole kimoja kirefu kisicho na mkono, kikashuka polepole kupita ile taa nyekundu, kikatua juu ya jicho lililokwanguliwa, na kwa ajili ya ganzi hakusikia maumivu, alisikia ubaridi tu ukizama, ukucha kwanza, kisha pingili, kisha pingili nyingine, na yeye amelala kama gogo, anaogopa kutikisika asije akapofuka.

"Wewe hodari!" daktari alisema, akimwekea lenzi laini juu ya jicho. "Hii ni bandeji yako, mpaka ngozi iote."

"Kuna kitu ndani. Daktari, nakuomba, usifunike."

"Wote husema hivyo."

Siku ya kutoa lenzi, daktari alitabasamu. "Imeshika barabara. Haibanduki tena." Kinyozi akarudi nyumbani akipiga mluzi, akanoa wembe, akalala.

Alfajiri kope ikapanda tena, taratibu, bila maumivu yoyote. Mkewe, aliyekuwa macho akimlinda, akaziba mdomo. Hapakuwa na kidole juu yake.

Kilikuwa kinasukuma kutoka ndani.