Mnunuzi wa Maharage kutoka Magomeni

"Huyu mama ni mnunuzi wa maharage," Alfred alisema. "Ametoka Kilosa mjini."

Shamimu alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amesimama uani kwa watu, mtandio umelowa ukungu. Pikipiki iliyowachukua kutoka Berega ilishindwa na utelezi katikati ya mlima, wakamalizia safari kwa miguu, saa mbili nzima. Njia yote alikuwa akijifunza kimoyomoyo namna ya kumsalimia mama mkwe.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu," akajibu mama yake Alfred, bibi wa miaka themanini aliyejifunika blanketi mlangoni mwa jiko. "Pole na baridi. Maharage mwaka huu yapo, Mungu ametusaidia."

Filomena, binti pekee wa Alfred, akampokea begi. Ndani mlikuwa na kitenge cha mama mkwe, na gauni la Filomena mwenyewe, ambalo Shamimu alilishona kwa kukisia vipimo kwenye picha. Hakuthubutu kuvitoa.

Shamimu alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, fundi cherehani pale Magomeni, Kilosa. Alfred alikuwa mgane wa miaka hamsini na nne, fundi wa malori Mikumi. Walijuana siku Alfred alipoleta ovaroli mbili kushonewa viraka. Jumamosi iliyofuata akarudi na shati lisilo na tatizo lolote, na baada ya hapo akawa anakuja kila Jumamosi bila nguo yoyote mkononi. Miaka miwili ikapita hivyo. Shamimu Mwislamu, Alfred Mkristo. Wakakubaliana wafunge ndoa bomani, kila mmoja abaki na dini yake. Kaka yake Shamimu aliridhia. Walibaki watu wa Alfred, kule Kwilima, kijiji cha mwisho kaskazini, juu kwenye milima ya Ukaguru, ambako wakati wa kipupwe ukungu hauondoki mpaka mchana na gari hupanda mara moja tu kwa wiki, Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Wiki moja na nusu kabla ya safari, Alfred alimtumia ujumbe: "Nimeongea na wote, mama na Filomena. Wamefurahi sana. Beba masweta, Julai huku juu baridi inauma."

Saa kumi jioni Shamimu alimfuata nyuma ya jiko, alikokuwa akipasua kuni.

"Alfred, mimi ni nani hapa?"

Hakuinua macho. "Nisamehe. Nilipomwona mama, ulimi ulinishinda."

"Haukukushinda. Ulisema sentensi nzima."

"Nipe mpaka kesho jioni. Nitamwita na mdogo wangu Kasian, nitaongea mbele yao wote."

Shamimu alikubali. Gari halikuwepo, na mtu huyu katika miaka miwili hakuwahi kumwambia "Jumamosi nitakuja" kisha asije.

Kilichomuumiza zaidi ni kutendewa wema. Filomena aliona mtandio wake, akateremka na jogoo mpaka bondeni kwa jirani Mwislamu akachinjiwe huko. Akamchemshia maji ya kuoga. Akampa kitanda chake na mablanketi yote mawili, yeye akasema atalala na bibi. Wakati wa chakula Alfred alimwambia Shamimu "karibu mama, ongeza ugali", kama anavyoambiwa abiria aliyekaa meza moja na wewe hotelini.

Asubuhi ya Ijumaa Filomena akamchukua kwenda kuona maharage ya majirani. Nyumba ya kwanza wanawake walikuwa wameshayatandaza kwenye mkeka, wamepepeta, wamechagua. Mmoja akauliza lori litapanda lini. Shamimu akasema watawasiliana, na aliposema hivyo akashindwa kumtazama yule mama usoni. Nyumba ya pili ikawa vilevile. Ya tatu ilikuwa ng'ambo ya kilima, wakaanza kupanda.

"Bora umekuja," Filomena alisema njiani. "Kuna dalali wa Gairo alitaka kuchukua yote wiki iliyopita. Niliwaambia majirani wamkatalie, kwa sababu baba alishasema analeta mnunuzi."

Shamimu akasimama. "Alisema lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Alipiga simu jioni."

Shamimu alitoa simu yake akautafuta ule ujumbe. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Kwa hiyo hakukuwa na ulimi ulioshindwa. Alfred alikaa kule Mikumi na simu moja mkononi, akamwambia binti yake hili, na muda uleule akamwandikia yeye lile.

Filomena alikuwa amemgeukia.

"Mama, naomba nikuulize. Nyumba zote mbili hukutafuna hata punje moja. Wanunuzi wote hutafuna, wajue kama yamekauka. Na jana baba alikuwa anakuangalia unavyokula. Wewe ni nani?"

Uongo ulikuwa rahisi pale. Kusema ukweli pia kulikuwa rahisi, kwa jinsi alivyokuwa na hasira.

"Swali hilo kamuulize baba yako," Shamimu akasema. "Mimi sitakudanganya, lakini sitamsemea."

Uso wa Filomena ukabadilika. Akaongea taratibu, kwa sauti ya chini. Alisema mama yake, Elizabeti, aliugua miezi saba katika nyumba ile, na baba yake alipanda kutoka Mikumi mara tatu tu. Siku ya mazishi alimwambia baba yake kwamba akileta mwanamke pale, ajihesabu hana mtoto. Alipomaliza akageuka, akateremka mbio, akamwacha Shamimu peke yake.

Ukungu ukashuka muda si mrefu. Shamimu aliifuata njia, ikagawanyika. Akashika iliyoteremka, ikampeleka kwenye korongo lenye magugu marefu. Akateleza, mguu wa kulia ukajipinda chini yake. Alipojaribu kusimama maumivu yakamkalisha. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, akabonyeza namba ya Alfred mara nne ndipo ikaita.

"Alfred, nimepotea. Mguu umeumia."

"Uko wapi? Filomena yuko wapi?"

"Sijui. Nasikia maji chini yangu. Sioni hata hatua tatu."

Ndani ya simu akaisikia sauti ya Filomena, anahema, ndiyo kwanza anafika: "Baba, huyo ni nani kwako?"

Shamimu aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alimsikia bibi akikohoa. Alisikia mtu akivuta kiti. Kisha, kabla jibu halijaja, mtandao ukakatika.

Alikaa kwenye jiwe akijikunyata. Aliamua hapohapo kwamba Alfred akitokea na uongo uleule mdomoni, kesho anashuka na gari na hatapokea tena simu yake. Hakulia. Hasira ilimsaidia asisinzie.

Ilipita zaidi ya saa moja kabla hajasikia watu wakiita. Aliyefika wa kwanza alikuwa Filomena, ana panga na blanketi, sauti imemkauka kwa kuita.

"Amesema," Filomena alisema huku akimfunika.

"Amesema nini?"

"Yote. Mbele ya bibi na baba mdogo. Kwamba wewe ni mchumba wake mwaka wa pili sasa, na kwamba ametudanganya sote."

"Na wewe unasemaje?"

Filomena alifunga ncha za blanketi kifuani pa Shamimu kwanza. "Mimi bado nina uchungu. Lakini kukuacha mlimani ni kosa langu mimi. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Na uchungu wako una haki, sitakuambia uuache."

Alfred akatokea na Kasian. Akapiga magoti kuutazama mguu, Shamimu akauvuta. Akasema Kasian ndiye ambebe. Kasian akasogea. Akainama, akampandisha mgongoni, wakateremka. Alfred alitembea nyuma yao, ameshika viatu vya Shamimu.

Nyumbani walimkalisha karibu na moto. Bibi akamkanda mguu kwa maji ya moto na chumvi. Alfred akabaki amesimama.

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa Filomena angenikataa. Niliogopa na wewe ungeniacha ukijua sijawaambia. Nikafikiri nikulete muonane kwanza, mzoeane, ndipo niseme."

"Umenifanya niwadanganye wanawake waliotandaza maharage yao mbele yangu," Shamimu akasema. "Wamemkatalia mnunuzi wa kweli. Nenda nyumba kwa nyumba, uwaambie hakuna lori. Na uwaambie kwa nini."

Alfred alivaa koti akatoka. Kasian alitaka kumsindikiza, bibi akamzuia, akasema aache aende mwenyewe. Alizunguka mpaka giza likaanza kuingia. Nyumba moja walimfungia mlango. Nyingine walimcheka, mwanamume mwenye mvi anayemficha mchumba kwenye magunia. Aliporudi, ndevu zimelowa, akampigia dalali wa Gairo mbele ya wote, akamsihi apande tena.

Jumamosi gari lilipokuja, Shamimu alipanda peke yake. Alfred aliomba washuke pamoja.

"Sijasema hapana," Shamimu alimwambia. "Lakini leo siwezi kukaa na wewe gari moja."

Wiki nne alikaa kwenye cherehani yake pale Magomeni, Jumamosi zikipita bila mgeni. Alfred alituma ujumbe mmoja tu: "Mguu unaendeleaje? Sina cha kujitetea." Shamimu alijibu siku ya pili yake: "Umepona."

Mwisho wa Agosti simu ikaita, namba ya Filomena. Alimsalimia, akauliza mguu. Akaeleza kwamba dalali alipanda na maharage yamekwisha.

"Mama, tukija huko Magomeni, mtatupokea?"

"Mko wangapi?"

"Mimi, baba mdogo, na yeye."

Walifika Jumapili mchana. Kaka yake Shamimu akawapokea sebuleni; Shamimu akabaki chumbani nyuma ya pazia kama desturi inavyotaka. Kasian alikuja kama mshenga, akaanza maneno ya heshima, lakini Alfred akamgusa goti, akaomba aseme mwenyewe.

"Shemeji, mimi ni Alfred, fundi wa malori Mikumi. Nampenda dada yako. Nilimpeleka kwetu, nikamkana mbele ya mama yangu kwa woga. Nimekuja kumwomba awe mke wangu, na nimekuja na binti yangu ili asikie ninavyosema."

Kaka akageukia pazia. "Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

Aliwaacha wanywe chai. Sebuleni vikombe vilisikika, na Alfred chake hakukigusa. Ndipo Shamimu akatoka, akawasalimia wageni mmoja mmoja, akaketi karibu na kaka yake, akamwambia awajibu ndiyo.

Ndoa ilifungwa bomani Kilosa, Ijumaa ya pili ya Oktoba. Filomena alishuka kutoka Kwilima kuwa shahidi. Ilipofika zamu yake kusaini, karani akainua kalamu, akamuuliza ana uhusiano gani na maharusi.

"Binti," Filomena akasema.

"Wa bwana harusi?"

Filomena alimtazama Shamimu, kisha akamrudia karani.

"Andika binti tu."