Imelingana

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare za shule na kuzianika, Umeme alikwenda maktaba. Hilo halikuwa jina lake la kwenye cheti. Alibandikwa jina hilo na wenzake wa klabu ya kompyuta kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia. Mwalimu akisema "fungueni," yeye alikuwa ameshafungua, amefunga na kufungua tena. Aliyeketi naye alikuwa mvulana waliyemwita Konokono, na sababu haikuhitaji maelezo.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya rafu za magazeti. Kilikuwa na kompyuta sita za mezani, zote kuukuu, zinazotumia mfumo huria, yaani mfumo ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani na kuurekebisha. Mwalimu wa kompyuta, mama mrefu ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi, aliupenda sana. "Huu hauwafichi kitu," alizoea kusema. "Mkitaka kujua kazi inavyofanyika, mnafungua, mnatazama."

Siku hiyo, saa nane mchana, dada yake Umeme aliingia akihema, bahasha ya vyeti ameikumbatia kifuani. Alikuwa mfagizi wa zahanati, na kwa miaka miwili alikuwa akitafuta nafasi ya kusomea uuguzi. Fomu ya chuo ilijazwa mtandaoni tu, na mwisho wa kuipokea ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri. Zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha.

Mwalimu alimketisha kwenye kompyuta ya pembeni. Ukurasa wa chuo ulifunguka nusu, kisha yakatokea maneno: "Kivinjari chako ni cha zamani. Tumia toleo jipya."

"Kivinjari ndiyo nini tena?" dada aliuliza.

"Ni hii programu inayotutembeza mtandaoni," Umeme alimjibu.

"Kumbe imechoka kutembea! Mwambie hata mimi nimefagia wodi tatu leo, na bado nipo."

Konokono alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu hakucheka sana, maana alitazama saa ya ukutani. Mfumo wa kompyuta zile ulikuwa wa zamani kiasi kwamba ghala lake la programu halikuwa na toleo jipya. Ilibidi kulipakua na kulisakinisha kwa mkono.

"Umeme, kazi hii mlijifunza wiki iliyopita," alisema. "Mimi nina watu wanasubiri mashine ya kuchapisha. Fanya na mwenzako. Namba je?"

"Tunasomeana, Mwalimu."

Namba aliyoisema ilikuwa namba ya uhakiki: mchanganyiko wa tarakimu na herufi sitini na nne. Watengenezaji wa programu huiandika kwenye tovuti yao, na kompyuta hukokotoa ya kwake kutokana na faili lililopakuliwa. Zikilingana, faili ni zima. Katika chumba kile kulikuwa na desturi: mmoja anasoma ya kwenye tovuti, mwingine anatazama ya kwenye kompyuta na kujibu "ipo," herufi moja baada ya nyingine, ndipo wanaandika "Imelingana" kwenye daftari la kazi.

Umeme alianza kupakua. Mtandao ulikatika kidogo, ukarudi. Faili lilipomalizika kushuka, Konokono alikuwa amekwenda chooni.

"Huyo mpaka arudi, chuo kitakuwa kimeshafunga," Umeme aliwaza. Aliandika "Imelingana" kwenye daftari, akafumua faili lile, yaani akatoa vilivyofungashwa ndani yake. Kidirisha kidogo cha onyo kikajitokeza; alikifunga kabla hajakisoma. Kabrasha jipya lilitokea, likiwa na vitu vingi ndani, naye akaona mambo yamenyooka. Alibonyeza programu mara mbili. Kioo kilimeta, kisha kimya.

Konokono alirudi, akaliona daftari. "Tumesomeana saa ngapi?"

"Nyamaza bwana," Umeme alinong'ona.

Mwalimu aliitwa. Alivuta kiti. "Namba mlisomeana?"

"Ndiyo, Mwalimu. Imelingana."

"Vizuri. Basi faili ni zima, tatizo liko kwingine."

Akaanza kulitafuta huko kwingine. Alikagua ruhusa za kuendesha programu. Alitazama kama kuna sehemu za mfumo zilizopungua, akaongeza mbili. Alizima kompyuta, akaiwasha upya, wakaisubiri iamke. Hakuna kilichobadilika. Watu wa mashine ya kuchapisha wakaanza kuguna. Konokono alitazama viatu vyake muda wote huo, na masikio ya Umeme yalikuwa ya moto.

Ilipofika saa tisa na dakika ishirini, Mwalimu alivua miwani, akamgeukia Dada. "Binti yangu, nisikudanganye. Sioni ninapokosea. Labda mashine hii haiwezi tena."

Dada alianza kurudisha vyeti kwenye bahasha, kimoja kimoja, kwa uangalifu. Alimwona Umeme ameinama, akamshika bega. "Usijisikie vibaya, mdogo wangu. Umejitahidi. Nitajaribu mwakani."

Maneno hayo ya upole yalimchoma kuliko kofi.

"Mwalimu," Umeme alisema, "hatukusomeana. Niliandika tu. Na kuna onyo lilitokea, nikalifunga."

Dada aliuondoa mkono begani mwake. Mwalimu alivaa miwani.

"Konokono, soma ya kwenye tovuti. Wewe tazama ya kwenye mashine."

"Nne," Konokono alisoma.

Umeme alitazama. Palikuwa na herufi b. "Haipo," alisema, machozi yakimlenga.

Hawakuhitaji kusoma zaidi. Mtandao ulipokatika, faili lilikuwa limeshuka pungufu. Walilifuta na kupakua jingine, dakika kumi na mbili za kutazama mstari wa buluu ukijikokota. Lilipofika, Umeme mwenyewe ndiye aliyesema, "Soma, Konokono. Soma zote." Wakasomeana. "Saba." "Ipo." "Herufi e." "Ipo." Hakumharakisha hata mara moja, ingawa kila "ipo" ilimtoka na pumzi. Baada ya ile ya sitini na nne, walilifumua faili. Programu ilipobonyezwa, dirisha jeupe lilitanda kioo kizima.

Dada alijaza fomu, Mwalimu akimkagulia. Ilipotumwa ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba. Jibu lilikuja papo hapo: "Maombi yako yamepokelewa." Dada alilisoma mara tatu, akaketi, viganja usoni.

Umeme alisogea. "Nisamehe, Dada. Nisamehe, Mwalimu."

Mwalimu alimgeuza wakatazamana. "Sikiliza, mwanangu. Kuruka hatua ni kosa, na hata mimi hukosea. Ungeniambia hukusoma, tungelirekebisha kwa robo saa. Lakini uliponiambia imelingana, nilikuamini, nikaacha kutazama mahali penye tatizo. Karibu saa nzima nimetafuta mahali ambapo halikuwapo."

Dada alifuta uso. "Na mimi nikiwa muuguzi," alisema taratibu, "siku nikiandika kwamba nimempima mgonjwa joto, na sijampima, daktari atasoma nilichoandika. Atamtibu kitu asichoumwa. Mgonjwa yeye atabaki na homa yake, na kila mtu wodini ataamini hana homa."

Alisimama, akamshika Umeme mkono. "Kuchoka utachoka, kusahau utasahau. Sema tu hujafanya. Mtu akijua hujafanya, anaweza kukusaidia kufanya."