Ayeyo Hana Kazi

Ilhan hakuwa na meza ya kusomea, hakuwa na jozi ya pili ya viatu, hakuwa na baba; na subira ndiyo aliyoikosa kuliko vyote. Dada yake, Fatumo, alikuwa Nairobi, chuo kikuu, akisomea uchumi wa kazi: nani anatoa jasho, kwa saa ngapi, na nani hulipwa. Alimtumia Ilhan karatasi za maswali apite nazo nyumba kwa nyumba mtaani Galbet.

Asubuhi hiyo bibi yake, Ayeyo, alikuwa jikoni kama kawaida, akifukiza vibuyu kwa vijinga vya moto ili vinukie, na Hooyo, mama yake Ilhan, atilie maziwa ya ngamia ya kuuza sokoni. Majirani wote Ilhan alikwisha kuwauliza. Ilibaki nyumba yao.

"Hooyo: muuza maziwa," alisema akiandika. "Ayeyo: hana kazi."

"Ilhan!" mama alimkemea.

"Kwani uongo, Hooyo? Kukaa na moshi ni kazi?"

Ayeyo alikohoa, akacheka kidogo bila kuinua uso. "Mwache, Zeinab. Msomi wetu ameshaandika."

Juma hilohilo kifua kilimbana bibi. Kabla ya Ijumaa alikuwa amezikwa.

Siku za tanzia zilipokwisha, Hooyo alimwambia Ilhan afukize vibuyu. Ilhan akawasha ukuni wa kwanza aliouona, akautia kibuyuni, akatikisa mara mbili tatu, akamaliza.

Adhuhuri mama alirudi na maziwa yote.

"Mteja wangu Khadra ameonja akatema," alisema. "Ameniuliza kama nauza maziwa au majivu."

"Ayeyo alitumia mti gani?"

"Sijui, mwanangu. Kila nilipoamka, nilikuta tayari. Watu walifuata mkono wake, nami nikadhani ni wangu."

Ilhan alilia mpaka akapaliwa. Mama akamshika bega.

"Majirani wote uliwauliza. Ayeyo hukumuuliza; ulimjibia. Usimwandikie mtu ambaye hujamsikiliza, wala usidhani asiyelipwa hafanyi kazi."

Ilhan alichukua karatasi, akakata maneno yale, akaandika: "Marehemu. Alifukiza vibuyu vya maziwa." Palipoulizwa kwa saa ngapi, mkono ulisimama. Angeweza kubuni. Aliandika: "Sikumuuliza."

Kisha akatia karatasi ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akaipeleka kwenye ofisi ya mabasi ya kwenda Nairobi, ifike kwa Fatumo.