Wimbo wa Kuchana Nywele

Kila Jumapili mchana, mambo yalikuwa yale yale. Chiriku aliketi kwenye kigoda, baba yake akaketi nyuma yake na chanuo mkononi, na kilio kikaanza.

"Sijakugusa bado," baba alisema.

"Najua. Nalia mapema."

Baba huyo alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, hivyo vyote alivimudu. Nywele za binti wa miaka minane zilimshinda. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimejaa makovu ya cheche. Chanuo alilishika kama nyundo.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mama. Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka. Aliugua, kila mtu akasema ni uchovu tu, apumzike. Walipompeleka hospitali walikuwa wamechelewa.

Mama alikuwa na wimbo wa kuchana nywele. Aliutunga mwenyewe, hapo hapo nyuma ya kigoda, ili mtoto atulie. Hakuuimba mahali pengine popote. Wala hakuna aliyeurekodi. Nani anarekodi wimbo wa kuchana nywele?

"Imba, baba," Chiriku alisema. "Mama akiimba haiumi."

Fundi akakohoa. Akaipandisha sauti juu kabisa, kule alikokumbuka sauti ya mkewe. Mishipa ya shingo ikamtoka.

*Tulia mwanangu, chanuo lipite,*
*fundo moja moja, tulifungue lote.*

"Siyo hivyo!" Chiriku aliziba masikio.

"Basi vipi?"

Mtoto akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, ikapanda kidogo, ikashuka taratibu. Fundi akajaribu tena. Ikatoka ile ile ya kwanza.

"Baba, unamfokea nani?"

Fundi alicheka, lakini roho ilimuuma. Maneno ya wimbo aliyajua. Namna ulivyopanda na kushuka hakuikumbuka, na sababu aliijua vizuri. Miaka yote hiyo, mkewe akichana na kuimba, yeye alikuwa pale pale kwenye kiti, sikio likiwa kwenye redio. Mke akipandisha sauti kidogo, yeye aliongeza redio. "Mama Chiriku, hebu punguza, kuna mpira." Na mama Chiriku alipunguza. Leo hii mwulize fundi ule mpira alishinda nani. Hakumbuki hata mmoja.

Kulikuwa na jambo jingine. Fundi aliamini kwamba hana sauti. Alipokuwa mdogo, shule yao iliandaa wimbo wa kukaribisha wageni. Mwalimu alipita kati ya watoto akisikiliza, akasimama mbele yake. "Wewe fungua mdomo tu. Usitoe sauti." Wenzake walicheka mpaka mbavu zikawauma. Tangu siku hiyo hakuimba tena. Nimekutana na watu wazima wengi wa namna hii, na kila nikiwasikia, hasira hunipanda. Mtoto akishindwa kuhesabu, anafundishwa. Akishindwa kuimba, anaambiwa anyamaze.

Fundi alimweleza shida yake mwenzake wa karakana.

"Hilo dogo," mwenzake alisema. "Kunywa yai bichi na pilipili. Halafu piga kelele mpaka koo lifunguke."

Alifanya hivyo. Koo likafungika. Kwa siku kadhaa alizungumza na wateja kwa mikono, na mmoja akaondoka na vipimo vya geti la mtu mwingine.

Koo lilipopona, aliendelea kuimba vile vile, kila Jumapili. Chiriku alimkosoa, akamkosoa tena. Kisha siku moja hakumkosoa. Aliimba pamoja naye, sauti zao zikaenda sawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Fundi alifurahi kupita kiasi.

"Tumeuweza!" alisema.

Jioni hiyo mlango uligongwa. Alikuwa jirani mpya, mama mtu mzima ambaye alihamia nyumba ya pili baada ya msiba. Alifundisha kwaya miaka mingi, na sasa aliwafundisha watoto kinanda sebuleni kwake. Watu walimwita Mwalimu. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba isiyo na mafuta.

"Karibu ndani, Mwalimu."

"Sikai. Nina neno moja. Ukasirike ukipenda."

"Sema tu."

"Nilipohamia hapa, nilimsikia mwanao akiimba kibarazani. Ule wimbo wa nywele. Niliacha vyombo kwenye maji nikasikiliza. Mstari wa kwanza ulikuwa unapanda, halafu unashuka polepole. Leo nimemsikia tena. Haupandi wala haushuki. Umenyooka kama bomba. Unaimbwa hivyo na nani?"

"Na mimi," fundi alisema. "Sasa tunaimba pamoja, mimi na yeye. Siyo vizuri?"

"Baba Chiriku, yeye hajakufundisha. Wewe ndiye umemfundisha. Huo wimbo wa mama yake, unaufuta."

Fundi alikaa kwenye kigoda cha binti yake.

"Kuna mtu mwingine anayeujua?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna. Ni yeye tu."

"Basi kuanzia leo usiuimbe. Mwache mtoto auimbe peke yake, umrekodi kwa simu. Ukiwa naye, funga mdomo. Wewe utakuja kwangu ujifunze."

"Mimi sina sauti, Mwalimu. Niliambiwa tangu shule."

"Nani alikuambia?"

"Mwalimu."

"Alikuwa mvivu."

Kesho yake, baada ya kazi, fundi alisimama mbele ya kinanda. Alikuwa ameoga na kuvaa shati safi, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Sema 'karibu', kama unavyomwambia mteja," Mwalimu alisema.

"Karibu."

Mwalimu akabonyeza kinanda upande wa chini. "Sauti yako inakaa hapa." Akabonyeza mbali, upande wa juu. "Sauti ya mkeo, kama mtoto anavyoimba, ilikaa huku. Wewe umekuwa ukijilazimisha kufika huku. Ndiyo maana unafoka."

"Lakini wimbo ndiko uliko."

"Hapana. Wimbo ni namna unavyopanda na kushuka. Unaweza kuushusha wote mpaka kwako, ukabaki ule ule. Kitanda ukikitoa chumba cha juu ukakileta chini, si ni kitanda kile kile?"

Fundi alikubali. Lugha hiyo aliielewa.

"Sasa nitabonyeza mara moja. Usiimbe. Sikiliza kwanza. Ukishaisikia kichwani, fumba midomo, uifuate kwa 'mmm'. Pole pole."

Sauti ya kinanda ikalia. Fundi akakurupuka kuimba.

"Nimesema usikilize!" Mwalimu alifoka kwa ile sauti yake iliyokwaruza. "Una haraka ya nini? Nyumba ya nani inaungua?"

Walirudia. Safari hii fundi alisubiri, akaguna kwa midomo iliyofumbwa.

"Uko chini kidogo. Panda. Panda kidogo tena. Umewahi kuwasha mashine mbili za kukatia chuma kwa pamoja?"

"Kila siku."

"Mwendo ukikaribiana bila kulingana, unasikia nini?"

"Zinapigana. Wau, wau, wau."

"Basi sikiliza hilo. Sauti yako na kinanda zinapigana. Panda mpaka ziache kupigana."

Fundi aliguna, akapanda taratibu. Ghafla vita vikaisha. Sauti mbili zikawa moja, na kifua chake kikatetemeka. Alimtazama Mwalimu.

"Ni hivi tu?" aliuliza.

"Ndiyo mwanzo wake."

"Ni hivi tu, na mtu akaniambia nisitoe sauti maisha yangu yote?"

Mwalimu alibonyeza sauti nyingine.

Siku zilizofuata alimfundisha pumzi. Fundi alivuta hewa kwa kuinua mabega, na Mwalimu akayapiga kwa rula. "Teremsha! Hewa iende chini, tumbo ndilo litoke." Akamfundisha kulegeza taya. Fundi alikuwa na mazoea ya kuuma meno nyuma ya kinyago chake cha kuchomelea, na hata akiimba aliyauma. "Lala chali nyumbani," Mwalimu alimwambia. "Weka kitu juu ya tumbo. Vuta hewa mpaka kitu hicho kipande juu. Toa hewa kwa 'sss' ndefu, isikatike."

Nyumbani, Chiriku alimwekea kiatu chake cha shule juu ya tumbo na kusimamia zoezi.

"Kiatu kinapanda," alitangaza. "Sasa kinashuka. Baba, usicheke, kitaanguka."

Alifanya mazoezi ya sauti, bila wimbo wenyewe, dakika chache kila asubuhi kabla ya kazi. Alijirekodi kwa simu, akajisikiliza.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni wewe," Chiriku alisema.

Aliichukia sauti hiyo. Mwalimu alimwambia kila mtu huichukia yake mara ya kwanza. Asisikilize kama ni nzuri. Asikilize kama imepanda panapotakiwa. Siku nyingine aliweza, siku nyingine alirudi kuwa bomba. Aliporudi nyuma alikata tamaa, akatupa simu kitandani, kesho yake akaiokota.

Siku moja alimwuliza Mwalimu, "Kwa nini huniimbii mwenyewe? Kila kitu kinanda."

Mwalimu alifunika kinanda kwa kitambaa.

"Niliimba mbele ya watu wengi bila kipaza sauti. Koo likiuma, naendelea. Sauti ikakwaruza, nikamung'unya pipi nikaendelea. Walisema ni uchovu. Nilipokwenda hospitali, daktari aliniambia nilipaswa kuja mapema." Akakinyoosha kitambaa. "Kwa hiyo nisikilize. Koo likiuma, acha hapo hapo. Kunywa maji. Mayai na pilipili waachie wapishi. Na mtu yeyote akikwaruza sauti wiki tatu mfululizo, aende hospitali. Asingoje."

Fundi aliangalia sakafu. Alifikiria mtu mwingine aliyeambiwa ni uchovu.

Muda wote huo, Chiriku aliimba peke yake na simu ikarekodi. Kwa kuwa baba yake alikuwa kimya, wimbo ulianza kumrudia. Mstari wa kwanza ulirudi, ukapanda kama zamani. Wa pili ukarudi. Ulibaki wa mwisho.

*Ukilia nitalia, tukimaliza utacheka.*

Huo aliuimba namna mbili. Leo uliishia juu, kesho uliishia chini. Mwalimu alimwita kwake pamoja na baba yake, akamchezea Chiriku zote mbili kwenye kinanda.

"Ipi ya mama?"

Chiriku alisikiliza. Akaomba arudiwe. Akarudiwa.

"Sijui," alisema, na uso ukaanza kumkunjika. "Nilikuwa naijua!"

"Siyo kosa lako," fundi alisema haraka. "Ni langu."

Alitarajia Mwalimu aseme neno la kumfariji. Mwalimu hakuwa mtu wa kupaka watu mafuta.

"Hii hatutaijua tena," alisema. "Tuchague moja tuishike. Mimi nachagua ya chini, ni rahisi kwako."

Fundi alitoka nje, akasimama ukutani. Alikuwa na uchungu ambao hakujua aupeleke wapi. Mwenye wimbo, mkewe, alikuwa ndani ya nyumba yake miaka yote. Hakumnyima wimbo. Hakumdai kitu. Alihitaji tu mtu anyamaze asikilize.

Jumapili moja, baada ya kuufuata wimbo wote kwa Mwalimu kutoka kwenye rekodi za simu, alimwambia binti yake alete kigoda. Chiriku aliketi, akampa mgongo, akajiandaa kulia mapema. Fundi alichovya vidole kwenye mafuta, akagawa nywele. Alivuta hewa mpaka chini, mabega yakiwa yametulia. Akalegeza taya. Aliisikia sauti ya kwanza kichwani kabla hajafungua mdomo. Kisha akaimba, kwa sauti yake nzito ya kiume, pole pole.

*Tulia mwanangu, chanuo lipite.*

Ilipanda panapopanda. Ikashuka taratibu.

Chiriku aligeuka haraka, kama mtu aliyeitwa. Alitazama nyuma ya baba yake. Alitazama mlangoni. Mwishowe akamtazama baba usoni.

"Nilidhani..." alisema.

Machozi yalimtoka bila sauti. Hakikuwa kile kilio cha kila Jumapili. Tangu siku ya mazishi, watu walimwambia mama amepumzika, mama yuko mahali pazuri, na yeye aliitikia ndiyo, ndiyo. Sasa wimbo ulikuwa umekuja wenyewe, kamili, na mama hakuja nao.

Fundi alishusha chanuo. "Niache?"

"Usiache," Chiriku alisema. "Nywele bado."

Akageuka, akampa mgongo tena. Fundi aliuimba mstari wa pili, chanuo likapita kwenye fundo moja, likapita kwenye jingine. Pumzi ilitaka kumkatika. Aliituliza tumboni, sauti ikashikilia.

Walipofika mstari wa mwisho, Chiriku aliingia. Hakufuata ile ya chini waliyochagua. Alipanda juu, akaishia huko, bila kusita hata kidogo.

Labda mama aliimba hivyo. Labda hapana. Fundi hakumkosoa. Alifunga mdomo, akasikiliza mpaka sauti ya mwisho ikaisha.

"Rudia," alimwambia. "Sikuisikia vizuri."

Chiriku akarudia.