Meza ya Shangazi Evelyne

Haya yalimpata shangazi yangu, dada wa baba, nikiwa naishi naye nyumba moja. Nayasimulia kama nilivyoyaona, na pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Shangazi Evelyne alistaafu kazi ya benki miaka minne iliyopita, akabaki peke yake kwenye nyumba yake ya Buhembe baada ya mumewe kufariki. Nilipopata kazi ya ualimu Kahororo, nikahamia kwake. Wastaafu wenzake walikuwa wanafuga kuku. Yeye alikusanya vitu vya zamani. Pasi za mkaa, kandili, redio za mbao, vibuyu, vitebe vya kukalia vilivyochongwa kwa gogo moja. Mapazia ya sebuleni aliyashona kwa magunia ya kahawa. Maharusi walikuwa wanakuja kupiga picha kwake, na yeye alikuwa anawapa chai na historia ya kila kitu.

"Nancy, vitu vya wazee wetu vinaozea migombani," aliniambia mara nyingi, "halafu sisi tunakimbilia masofa ya dukani."

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka jana, tulikwenda Nshamba. Tulisikia kuna mtu anaitwa Onesphory anabomoa nyumba ya babu yake ajenge nyingine. Ndani hatukupata cha maana. Lakini nyuma, katikati ya kibanja cha migomba, palikuwa na obwato, yaani ule mtumbwi wa mti ambao zamani wanaume walikuwa wanatia ndizi mbivu na kuzikanyaga kwa miguu mpaka zitoe juisi ya pombe. Ulikuwa mrefu kuliko mtu. Ulikuwa umefunikwa kifudifudi, na juu yake yamepangwa mawe makubwa saba, yameota ukungu wa kijani.

"Uko hivyo tangu sijazaliwa," Onesphory alisema. "Chukueni tu. Mtakuwa mmenipunguzia kazi."

Wakati mawe yanaondolewa, bibi mmoja alikuja kusimama kwenye mpaka wa kibanja, jembe mkononi. Onesphory alituambia ni shangazi yake, Ma Alistidia, ana zaidi ya miaka themanini. Nikapiga goti kumwamkia. Hakuitikia. Alikuwa anamtazama shangazi.

"Waitu, jamani," alinong'ona, "kama lazima muuchukue, uchukueni ukiwa umeinama hivyo hivyo. Msiulaze chali."

Shangazi alimshukuru kwa heshima, na alipogeuka akanikonyeza. Mtumbwi ukageuzwa chali, ukapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nilitazama pale ulipokuwa umelala. Udongo ulikuwa mkavu kama wa ndani ya nyumba, na nyasi zilizolala pale chini, miaka yote ile bila jua, zilikuwa za kijani.

Fundi Muhidini, seremala wetu wa mjini, aliupiga msasa, akaupaka mafuta, akauwekea miguu mifupi. Shangazi alimwaga kahawa kavu ndani, buni nyeusi zinazong'aa. Juu Muhidini akalaza kioo kizito cha milimita kumi na kukiziba pembeni kote kwa silikoni. Ikawa meza ya sebuleni. Kwa kweli ilipendeza. Shangazi aliizunguka kama mtu aliyepata mtoto.

Siku ya tatu niliona ukungu kwenye kioo. Doa la duara, ukubwa wa sahani, upande mmoja wa mtumbwi. Nikalifuta kwa kitambaa. Halikutoka. Lilikuwa upande wa ndani.

"Ni unyevu wa ziwa," shangazi alisema.

Labda. Lakini nilibaki nimesimama pale na kitambaa changu. Doa lilikuwa linapungua, linaongezeka. Linapungua, linaongezeka.

Asubuhi iliyofuata kahawa ilikuwa imesogea. Ilikuwa imepanda pembeni kushoto na kulia, ikaacha nafasi ndefu katikati, urefu wa mtu. Nafasi yenyewe ilikuwa pana kwa juu na nyembamba kuelekea chini. Shangazi aliitazama muda mrefu, kisha akamwita Muhidini aje atoboe matundu mawili ubavuni, unyevu upate pa kutokea. Tundu la kwanza lilipopenya, Muhidini aliruka nyuma, mkono usoni.

"Hewa yake ina joto," alisema. Akakusanya vifaa vyake. Tundu la pili hakulitoboa, na chai yake aliiacha mezani.

Kuanzia siku hiyo shangazi akaanza kuishiwa pumzi.

Jumapili alivaa vizuri aende misa, akafika getini, akasimama. Akashika nguzo. Akarudi ndani taratibu, akaketi karibu na meza, akaweka kiganja chenye pete yake ya ndoa juu ya kioo. Baada ya muda akapumua. Jumatatu hivyo hivyo. Alhamisi hakulifikia geti. Aliishia kwenye ngazi za baraza. Daktari mmoja aliyesali naye jumuiya moja alikuja kumpima. Mapafu safi, moyo safi. Akasema pengine ni wasiwasi wa upweke.

Mimi sikuridhika. Niliita teksi, nikamshika mkono, nikamvusha geti kwa nguvu. Hatua kumi tu. Midomo yake ikawa ya zambarau. Macho yakatoka. Alikuwa anafungua mdomo na hakuna kilichoingia. Mimi na dereva tulimbeba kumrudisha sebuleni, na alipogusa kile kioo, hewa ikaingia kifuani mwake kwa sauti ya kitambaa kinachochanika.

"Leo hii naitoa hiyo meza," nilimwambia.

"Usiiguse!" Alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. "Ukiiondoa, mimi nitapumulia wapi?"

Basi tukaishi hivyo. Nyumba ya vyumba vitano ikawa sebule moja. Akalala sebuleni, akala sebuleni, akaoga kwa kitambaa na beseni. Maharusi walipopiga simu niliwaambia anaumwa. Madirisha aliniambia niyafunge yote, kwa sababu, alisema, yakiwa wazi anaona mahali asipoweza kwenda.

Jumatano moja saa tisa mchana mvua kubwa ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nikasikia kitu kinagonga kidogo. Mara tatu. Polepole. Nilidhani ni mlango. Kisha nikaona shangazi ameinama juu ya kioo, anagonga kwa kifundo cha kidole. Mara tatu. Akanyamaza. Akasikiliza.

Ikajibu.

Kutoka chini.

"Shangazi," nilinong'ona. "Kuna nini?"

Hakuinua kichwa. "Anauliza kama watu wa harusini wamerudi."

"Watu gani?"

"Sijui. Nimemwambia bado."

Kesho yake sikwenda kazini. Nilimwomba Ma Celina, jirani yetu, awe anamchungulia shangazi, nikapanda gari ya kwanza kwenda Nshamba. Nilimkuta Ma Alistidia anachambua maharage jikoni. Nilipomwambia neno harusini, ungo ulimponyoka.

Aliokota ungo kwanza. Halafu akasema, kwa sauti ambayo ilibidi nimsogelee niisikie.

"Nilikuwa na miaka saba. Baba yangu alikuwa na dada yake, Kokugonza. Aliachika kwa mume, akarudi nyumbani. Mwaka ule watoto watatu wa ukoo walikufa. Wakasema ni yeye, mchawi. Ikafika harusi ya ndugu yetu. Hawakutaka aonekane mbele ya wageni, na hawakutaka abaki peke yake na nyumba. Wakamlaza chini pale kwenye kibanja. Wakamfunika na obwato. Wakaweka mawe. Wakamwambia, tutarudi jioni."

"Wakarudi?"

"Mvua ilinyesha. Walilala huko huko harusini. Walirudi siku ya pili mchana." Alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Walipofunua hapakuwa na mtu. Hapakuwa na shimo. Nyasi tu, zimelala. Basi wakaufunika tena kama ulivyokuwa, na hakuna aliyelitaja jina lake tena."

Nikadhani amemaliza. Nikataka kusimama. Akanishika gauni.

"Mimi sikwenda harusini. Nilikuwa na homa, waliniacha. Alinigongea. Aliniita kwa jina. Mwanangu, mawe hayo huyawezi, alisema, basi kaa hapo tu, nisikie kuna mtu." Alikuwa bado ameshika gauni langu. "Mimi nikakimbia. Nilikwenda kujifunika blanketi."

Nilimwambia hali ya shangazi yangu. Hakuuliza swali. Aliinuka, akachukua kitenge chake, akasema, "Nakuja nawe. Ni mimi anayenidai, huyo mama wa watu hamdai kitu."

Onesphory alituchukua kwa gari lake. Tulikuwa tumepita Muleba mjini simu yangu ilipoita. Ma Celina.

"Nancy, rudi. Milango imefungwa kwa ndani. Nikiita haitiki. Kuna mtu anagonga humo."

"Anagonga mlango?"

"Hapana," alisema. "Si mlango."

Tulifika Buhembe saa nane na nusu mchana, jua kali. Majirani walikuwa wamejaa barazani. Onesphory alivunja kitasa kwa nyundo. Sebuleni palikuwa na giza la mapazia na harufu nzito ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilikanyaga kitu kikateleza. Kahawa. Kahawa yote ilikuwa sakafuni.

Kioo kilikuwa mahali pake. Silikoni ilikuwa mahali pake, nzima, pande zote nne, haina hata mkwaruzo.

Shangazi alikuwa chini yake.

Alikuwa amelala chali ndani ya mtumbwi, nguo zake nadhifu, viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo. Macho wazi. Ukungu mbele ya mdomo wake ulikuwa mdogo. Ukapungua. Ukapungua tena.

Nilipiga kelele. Onesphory alipiga kwa nyundo mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kioo kilipasuka vipande vidogo kama chumvi. Tukamtoa. Tukamlaza sakafuni, nikampepea kwa daftari.

Akavuta pumzi moja ndefu sana. Kisha akaketi, mwenyewe, bila kushikwa. Alitazama dari. Alitazama taa ya umeme. Akasema kitu kwa Kihaya cha zamani, Kihaya kizito cha vijijini ambacho shangazi, aliyezaliwa na kukulia mjini, hakukijua kamwe. Ma Celina alikielewa. Akatuambia shangazi anauliza kama harusi imekwisha.

Kisha akamwona Ma Alistidia, aliyekuwa amesimama mlangoni, ameshikilia fremu. Alimtazama bibi yule wa miaka themanini toka kichwani mpaka miguuni, kama unavyomtazama mtoto wa ndugu uliyemwacha mdogo.

"Aa," alisema. "Kumbe umekua."

Ma Alistidia alianguka magoti. "Nilikuwa mtoto, shangazi," alisema. Alikuwa anaongea na shangazi yangu. "Nilikuwa mtoto."

Yule aliyeketi sakafuni akatikisa kichwa taratibu. Hakuonekana na hasira. Akasimama, akapita katikati yetu, akashuka ngazi za baraza, akavuka geti. Hakuishiwa pumzi. Alisimama barabarani juani, amefumba macho, amefungua mikono yote miwili.

Hospitali walisema hana ugonjwa, ni mshtuko, atakumbuka. Huu ni mwaka sasa. Yuko nyumbani, anakula, anatabasamu na watu. Vitu vya zamani vilivyokuwa ukutani amevishusha vyote na anavitumia. Anachotea maji kibuyu, anakalia kitebe jikoni. Simu haigusi. Milango hataki ifungwe, hata mvua inaponyesha. Ananiita mwanangu. Jina langu halijui.

Mtumbwi Onesphory aliurudisha Nshamba, akaufunika kifudifudi pale pale, na mawe yake saba. Ma Alistidia ndiye aliyesisitiza. Alifariki mwezi wa nane, usingizini.

Sasa mimi naenda Nshamba kila Jumamosi. Mara ya kwanza nilimlazimisha Onesphory tuondoe mawe tuufunue. Hapakuwa na mtu. Tulirudia mwezi uliofuata. Hapakuwa na mtu. Mara ya tatu alikataa, akasema nitamtia mkewe hofu. Kwa hiyo sifunui tena. Naketi chini kwenye majani makavu ya migomba, karibu na mbao, naongea kwa sauti. Namweleza shangazi bei ya sukari, nani kaoa, mkuu wa shule kahamishwa. Onesphory akipita na toroli lake anatazama pembeni.

Jumamosi iliyopita nilifika asubuhi, umande bado upo. Kwenye udongo, usawa wa ukingo wa mtumbwi, palikuwa na mfereji mdogo, upana wa kidole kimoja, umechimbwa kutoka ndani kuja nje. Mwishoni mwa mfereji palikuwa na pete ya ndoa. Ndani yake imeandikwa jina la mume wa shangazi na tarehe yao.

Nilimpigia simu Muhidini, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alisema huenda ilidondokea ndani siku ile tulipomtoa, ikakaa humo mwaka mzima, panya akaisukuma nje. Huenda.

Lakini nilipoiokota, kwenye udongo ule wa baridi, ilikuwa na joto.