Kabureta ya Kushoto

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote. Fundi Lugembe, jirani yetu hapa Kitete, alikunywa uji, akamfokea mkewe Recheli kwamba uji ni wa moto, akamwomba radhi kabla bakuli halijaisha, akafunga boksi la spana nyuma ya pikipiki yake, akaondoka. Ndivyo alivyo. Hasira zake hupanda kama maziwa jikoni na kushuka vilevile. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alifungua injini mbovu na kuzifunga tena mpaka zikamkubali. Ana sheria moja ambayo hata wasiompenda wanaiheshimu: kila anachokitoa kwenye chombo cha mteja, anakiweka kwenye kiganja cha mteja. Akione kwa macho yake. Fundi anayeficha, husema, ni mwizi mwenye bisibisi.

Siku hiyo aliitwa kwenye kitongoji kimoja cha Uyui, pale ile njia ya zamani ya misafara ya wapagazi inapokata mashamba ya tumbaku. Aliyeomba aitwe ni Bibi Yustina, mjane anayeishi peke yake kwenye kona. Saa kumi alasiri watu wangepiga kura ya siri, kila mmoja aandike jina la mchawi, na hakuna asiyejua jina gani lingeandikwa. Anayetajwa hupewa mpaka jua lizame awe ameondoka. Asipoondoka, nyumba huchomwa. Hawaulizi kama yumo ndani.

Kosa lake ni pikipiki.

Ilikuwa mali ya mwenyekiti wa kitongoji, Ambrosi. Chombo cha kizamani cha silinda mbili, alichokinunua mjini kwa mzee mmoja, Fakhrudin, akakitoa kabureta zake za asili na kufungia mbili za Kichina ili kivute mizigo ya tumbaku. Mbio kilikuwa nazo. Lakini kila kikifika mbele ya nyumba ya Bibi Yustina, kilikohoa, kikatetemeka, kikazima. Mara ya mwisho kilizima Valentino, mtoto wa kwanza wa Ambrosi, akiwa amekipanda, akaanguka, akavunjika paja.

"Shikamoo, mama," Lugembe alimwamkia yule mjane, aliyekuwa amekaa kizingitini, fimbo mapajani.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula nikimaliza."

"Fundi, usijichoshe," Ambrosi alisema. Nyuma yake walisimama watu kama thelathini. "Kitu kinazima sehemu ileile kila siku. Hicho nacho ni cha spana?"

"Mwenyekiti, sehemu hiyo ina nini?"

"Nyumba ya huyu."

"Ina kona. Ina mchanga. Ukifika hapa unaachia mafuta, injini inabaki na mngurumo wa chini. Kama ni mbovu kwenye mngurumo wa chini, itazima tu. Ingekuwa kona iko mbele ya kwako, ingezima kwako. Hapo ungempigia kura nani? Mkeo?"

Mtu mmoja akacheka. Ambrosi hakucheka.

Lugembe akapiga kiki. Injini ikaamka, ikaanza kumisi: tu-tu, kimya, tu-tu, kimya. Akalowesha vidole akagusa bomba la moshi la kulia. Maji yakachemka. Akagusa la kushoto. Lilikuwa baridi kama mtungi. Silinda ya kushoto haichomi. Akarashia maji ya sabuni kwenye mpira unaounganisha kabureta ya kushoto na injini. Maji yakanyonywa ndani, mlio ukabadilika, wote wakasikia.

"Inavuta hewa!" alipaza sauti, amefurahi kama aliyeshinda kesi. "Mpira umepasuka. Mchawi wenu huyu hapa." Akauchomoa, akaubandika kwenye kiganja cha Ambrosi.

Akafunga mpya. Akapiga kiki.

Tu-tu. Kimya. Tu-tu. Kimya.

Watu wakanong'ona. Bibi Yustina akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Lugembe akafungua kikombe cha chini cha kabureta, kile kinachohifadhi petroli. Ndani, chini kabisa, palikuwa na ushanga.

Wa bluu. Mkubwa kama punje ya hindi. Mzee, umelika pembeni. Ulikaa sawasawa chini ya jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa katika mngurumo wa chini. Lugembe akaangalia tundu la kuingilia petroli. Hata njiti ya kiberiti isingepita. Akaangalia chujio. Lilikuwa zima, halijachanika.

Angeweza kuufumbata. Angesema ni mchanga, na mama wa watu akalala kwake. Mkono wake ulishaanza kufunga vidole.

Akavifungua. Akauweka kwenye kiganja cha Ambrosi.

"Mizimu ya njia," mtu akanong'ona. Shanga za namna ile wanazijua. Huibuka shambani wakilima kandokando ya njia, zilizodondoka kwenye mizigo ya wapagazi waliokufa wakitembea.

"Kuna mtu kautia," Lugembe alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. Akafunga. Akapiga kiki.

Ikamisi.

Akafungua. Shanga mbili.

Hakuna aliyekuwa amesogea. Kikombe kilikuwa kimefungwa na mikono yake mwenyewe. Akazitoa, akampa Ambrosi, akafunga, akawasha. Tu-tu. Kimya. Akazima swichi.

Injini ikafa. Mlio haukufa.

Tu-tu. Tu-tu.

Ulitoka njiani. Ulikuwa mzito, wa nyayo tupu juu ya mchanga. Nyayo nyingi. Jua lilikuwa linawaka na njia ilikuwa nyeupe, haina mtu. Mbuzi wakakata kamba. Tu-tu. Zikaja. Zikafika konani.

Zikasimama.

Mtu akavuta pumzi kwa shida, kama aliyetua mzigo. Hakuwa mmoja wa waliosimama pale.

"Umeona?" Ambrosi akanong'ona. "Ni yeye anawaita. Hatusubiri saa kumi."

Wanaume wawili wakaenda kwa Bibi Yustina. Yule mama hakulia. Alisema tu, polepole, "Nisubirini nivae viatu."

Hapo ndipo maziwa yalipofurika.

"Mwacheni!" Lugembe alisimama mlangoni, spana mkononi. "Mimi sidanganyi mteja. Shanga nimezitoa mimi, mmeziona. Zimetoka wapi, sijui. Sijui! Lakini kati ya sijui na kumchoma mama mzee kuna safari ndefu, na leo hamtaipita hapa." Akamnyang'anya Ambrosi shanga, zote tatu. Akageukia njia tupu, mate yakimruka. "Na nyie! Mnataka wa kuwapokea mizigo? Mnamsumbua bibi wa watu wa nini? Lugembe huyu hapa. Nipeni mimi!"

Akazitia mdomoni. Akameza.

Kimya.

Halafu ile pikipiki, isiyoguswa na mtu, ikaunguruma. Silinda mbili. Sawasawa. Laini kama cherehani.

Watu walitawanyika bila kuagana. Saa kumi ilifika, ikapita, hakuna aliyeleta karatasi. Bibi Yustina akapika ugali na mlenda, na Lugembe akala mpaka akaramba vidole, akimtukana Ambrosi kati ya tonge na tonge.

Yaliyofuata tumeyapata kwa Recheli. Asubuhi ya Jumapili mumewe alikuwa anaoga, akamwita amsugue mgongo. Recheli akadondosha dodoki.

Juu ya bega la kushoto palikuwa na sugu. Nene, nyeusi, ngumu kama kisigino, na katikati yake mfereji mahali mti wa mzigo hukaa. Sugu ya mtu aliyebeba miaka ishirini. Mumewe hajawahi kubeba zaidi ya boksi la spana.

"Baba," alinong'ona, "hii nini?"

Lugembe akaigusa. Akapitisha kidole kwenye ule mfereji.

"Yule mama amelala kwake?" aliuliza.

"Amelala kwake. Kanipigia simu alfajiri."

"Basi sugua," akasema. "Na usisugue kwa huruma."