Kiwiko cha Fundi Nkwabi

Mume wangu Nkwabi ni fundi mitumbwi hapa Mwanza. Mwaka ule viwanda vya minofu vilitaka sangara kweli kweli, na kila mwenye nguvu alitaka mtumbwi. Nkwabi alishika msumeno asubuhi, akauacha jioni. Jumapili, badala ya kupumzika, alipiga ngoma katika kundi lake la Bagika. Mavuno yalikuwa yameisha na mashindano ya ngoma yalikaribia.

Ndipo kiwiko chake cha kulia kikaanza kuuma. Hata kikombe cha chai kikamshinda.

"Ni kaka yako," akaniambia.

Kaka yangu Ngosha hupiga ngoma ya Bagalu, wapinzani wao. Kwetu Usukumani kila upande una mganga wake wa ngoma. Nkwabi akaamini amerushiwa kitu.

"Kitu gani?" nikauliza.

"Jino la mamba. Nalisikia linatembea."

Basi akampiga Ngosha marufuku kukanyaga kwetu. Kaka yangu wa tumbo moja. Tena akamwita mganga aje akipasue kiwiko kwa wembe, alitoe hilo jino. Nililia, nikakasirika, kisha nikamfuata jirani yetu Paskazia, ambaye ni muuguzi.

Paskazia akaja, akakiminya kiwiko upande wa nje. Nkwabi akaruka.

"Ukivuta msumeno kinauma?"

"Sana."

"Na ukishika fimbo ya ngoma?"

"Hapo nalia kimoyomoyo."

"Kabla hujapasuliwa, twende tuangalie ndani. Kuna kipimo cha ultrasaundi, kinatumia mawimbi ya sauti."

"Si kile cha wajawazito?"

"Hicho hicho."

"Siendi. Nitazaa nini mimi?"

"Utazaa jino la mamba," nikamwambia. "Si unataka lionekane?"

Hapo akachukua kofia yake.

Hospitali benchi lilijaa wajawazito. Nkwabi akakaa katikati yao, kofia ameishusha mpaka puani. Mama mmoja akamsogelea. "Pole, baba. Una miezi mingapi?"

"Changu ni kipimo cha kiwiko," akajibu. Benchi zima likacheka, na mimi nikiwemo.

Ndani, daktari alimpaka mafuta mazito ya baridi, akapitisha kidude juu ya kiwiko. Hakukuwa na sindano wala maumivu. Picha ikatokea kwenye kioo.

"Eksirei inaonyesha zaidi mifupa," Paskazia akaeleza. "Hii inaonyesha vizuri misuli, kano, na maji yaliyojikusanya."

"Tafuta jino," Nkwabi akasema.

Daktari akatafuta juu, chini na pembeni. "Jino hakuna. Ona hapa. Hii ni kano, kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Imevimba, na nyuzi zake chache zimechanika. Paskazia kaniambia habari ya wembe. Ungeikata, nawe ungeaga msumeno na ngoma."

"Sasa aliyenirushia ni nani?"

"Msumeno wako. Mkono ule ule, mwendo ule ule, bila kupumzika."

Nkwabi akaupumzisha mkono. Akafanya kila siku mazoezi aliyofundishwa. Mashindano aliyatazama kwa mbali, na roho ilimuuma. Aliporudi kazini, alipokezana msumeno na mwenzake. Siku alipoinua kikombe cha chai bila kukunja uso, nilimwona anaangalia njia ya kwa kaka yangu. Alitaka kuomba radhi, ila hakujua aanzie wapi.

Ngosha akaja mwenyewe. Mkono wa kulia ameufunga kitambaa, na amenuna.

"Shemeji, nilijua utalipiza. Umenirushia nini? Nasikia mfupa wa kiboko unatembea."

Nkwabi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwomba radhi, akachukua kofia yake.

"Twende," akasema. "Ila ukiulizwa una miezi mingapi, usione aibu."

Jioni ile kaka yangu alikula kwetu. Tonge nilimmegea mwenyewe, maana mkono wake ulikuwa mapumzikoni.